John Kirk: Tabibu wa Zambezi aliyekuwa pia mpiga picha

Reli inayovuka mpaka wa Kenya na Uganda na kuingia Tororo ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1895. Miongoni mwa waliokaa katika kamati ya London iliyousimamia alikuwamo John Kirk, ambaye Zanzibar hukumbukwa zaidi kama balozi. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mpiga picha, tena hodari.

Kirk alizaliwa Barry, Scotland, mwaka 1832, akasomea utabibu Edinburgh. Mwaka 1858 aliandamana na David Livingstone kwenda Zambezi akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Kazi ya picha alikuwa amekabidhiwa Charles, mdogo wake Livingstone, lakini zilizopata sifa ni za Kirk.

Alitumia hasi za karatasi iliyotiwa nta. Karatasi hiyo ilikuwa nyepesi, haikuvunjika na iliweza kutayarishwa mapema, ilhali kioo cha siku zile kilipaswa kutiwa dawa na kusafishwa kingali kibichi.

Picha ilitoka kwa ukubwa uleule wa hasi yake. Hasi ililazwa juu ya karatasi yenye chumvi ya fedha, vyote vikabanwa ndani ya fremu ya mbao yenye kioo mbele, kisha vikaanikwa juani. Hapo uteuzi wa fremu ulikuwa na uzito. Iliyofaa ilikuwa na mgongo wa vipande viwili vyenye bawaba: mchapaji alifungua kimoja kutazama rangi ilivyokolea, huku kingine kikishikilia hasi. Hasi ikiteleza kidogo tu, sura hutoka mbilimbili. Kibano kikilegea, picha hufifia kingoni, na karatasi ya thamani huwa imepotea.

Mwaka 1866 Kirk alihamia Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Sifa nyingi zilimwendea Kirk, ingawa mkataba huo ulipatikana kwa tishio la manowari, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani hadi mwaka 1897. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo ya bara ambayo Barghash, aliyekuwa akimtegemea Kirk, aliyahesabu kuwa yake.

Kirk alifariki dunia Uingereza mwaka 1922, kabla reli haijafika Tororo. Baadhi ya picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.