Roosevelt: Rais Aliyekaa Mbele ya Gari la Moshi, Akaenda Nyeri kwa Miguu

Wako watu hapa duniani ambao wakisikia kwamba injini kuukuu ya moshi itawashwa tena na kupitishwa reli kuu kwa mwendo wa kasi, hawalali. Huchukua magari yao wakaifuata barabarani, wakasimama penye madaraja na kamera shingoni, na ikisha kupita wakakimbilia daraja la mbele ili waione mara ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipowashwa tena huku kwetu injini nambari 5918, moja katika yale majitu yaliyokuwa yakivuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi, walikuwako waliotoka Ulaya kuja kuiandama.

Mtu asiyekuwa na maradhi haya huwaona hao kama watoto. Lakini maradhi yenyewe hayachagui cheo. Mmoja aliyeugua vibaya alikuwa Rais wa Marekani, na reli aliyoifurahia kuliko zote ni hii yetu iliyoanzia Mombasa. Jina lake Theodore Roosevelt.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya matajiri. Utajiri haukumsaidia kifua. Alikuwa mtoto wa pumu, na usiku ugonjwa ulipomzidi baba yake alimpakia katika gari la farasi, akamkimbiza mitaani ili upepo umwingie mapafuni. Sisi tunaomwangalia kwa mbali tunaweza kusema kwamba mapenzi yake ya mwendo yalianzia hapo, kwani kwake yeye kwenda mbio kulikuwa ndiko kupumua. Alipokua alijifunza ndondi, akapanda milima, akachunga ng'ombe huko Dakota, akaenda vitani Kuba mwaka 1898. Mwili ule dhaifu aliufanya kuwa wa chuma kwa kuulazimisha.

Safari mbili za gari la moshi zilimbadilisha maisha kabla hajafika kwetu. Ya kwanza ni ya Februari 1884. Alikuwa kijana wa miaka 25, mjumbe wa baraza la kutunga sheria huko Albany, akapata simu kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike. Haikupita muda ikaja simu nyingine. Akapanda treni kwenda New York, maili kama 145, na siku hiyo ukungu ulikuwa umefunga nchi nzima hata treni ikawa inatambaa. Alifika nyumbani karibu na saa sita ya usiku. Mamake alikufa kabla ya alfajiri kwa homa ya matumbo, na mkewe akafuata mchana wa siku ile ile, tarehe 14 Februari, kwa maradhi ya figo. Nyumba moja, siku moja, jeneza mbili. Tangu hapo alikuwa hapendi hata kulitaja jina la yule mke.

Ya pili ilikuwa kinyume cha hiyo. Mwezi wa Septemba 1901, Rais McKinley alipigwa risasi mjini Buffalo. Roosevelt alikuwa makamu wake, na kwa kuwa madaktari walisema mgonjwa yu nafuu, yeye alikwenda kupanda Mlima Marcy. Huko juu ndiko alikofuatwa na habari kwamba Rais anakata roho. Akashuka usiku kwa gari la farasi katika njia ya matope na giza, farasi wakibadilishwa mara kwa mara, hata akafika alfajiri katika stesheni ndogo ya North Creek. Pale akakabidhiwa simu ya kifo. Treni maalumu ilikuwa imekwisha kutiwa moto inamngojea, ikaondoka naye mbio mpaka Buffalo, na alasiri ile ya tarehe 14 akala kiapo. Alikuwa na miaka 42, na hajapata kutokea Rais wa Marekani aliyeshika kiti akiwa mdogo kuliko yeye. Stesheni ya North Creek imehifadhiwa hadi leo kwa ajili ya safari ile.

Utawala wake hatutauhadithia wote. Aliyabana makampuni makubwa ya reli kwa sheria ya mwaka 1906 yasijipangie nauli watakavyo. Mwaka huo huo akapata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani. Na alipokwenda Panama kuutazama mfereji unavyochimbwa, aliacha njia aliyopangiwa akapanda juu ya mashine ya moshi ya kuchimbia, akakaa penye vishikio vyake huku mvua inanyesha, kama mtoto aliyepewa mwanasesere. Katika urais wake alipofuka jicho la kushoto kwa ngumi aliyopigwa katika mchezo wa ndondi hapo hapo Ikulu, jambo alilolificha kwa muda mrefu.

Alitoka madarakani tarehe 4 Machi 1909. Wiki tatu hazijatimia, tayari yuko baharini. Alichukuliwa na meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, pamoja na mwanawe Kermit wa miaka 19, na tarehe 21 Aprili wakatia nanga Mombasa. Ilikuwa masika, na mvua ilimpokea kwa nguvu.

Kesho yake alipandishwa treni maalumu. Mbele kabisa ya injini, juu ya kile chuma cha kusukumia wanyama wasiingie chini ya magurudumu, palikuwa pamefungwa kiti kirefu cha mbao. Hapo ndipo alipokaa yule aliyekuwa Rais wa Marekani, pamoja na Gavana Jackson na yule mwindaji Mwingereza Selous, saa zote za mchana. Moshi ulikwenda nyuma, upepo ukaja mbele, na hapana kitu baina yake na nchi. Wakavuka Makupa, wakapanda Mazeras, wakaingia nyika ya Taru, na siku ya pili kulipokucha wakawa katika mbuga za wanyama: nyumbu, kongoni, punda milia na mbuni upande huu na upande huu. Aliandika baadaye kwamba aliona kama gari lile linampeleka nyuma, katika zama za kale kabla mwanadamu hajajua kujenga mji. Mtu aliyeokolewa na upepo wa gari la farasi utotoni, sasa amekalishwa palipo upepo wote.

Lakini reli ile aliyoikalia ilikuwa na habari yake ambayo kutoka kwenye kile kiti haionekani. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa Wahindi wapatao 32,000 kuijenga, na kiasi cha 2,500 katika hao hawakurudi kwao, wengi kwa maradhi. Pale Tsavo simba waliwala wengine mwaka 1898. Na msafiri yeyote wa Pwani anajua kwamba kando ya reli hiyo, hapo Mackinnon Road, yuko Seyyid Baghali Shah, anayesimuliwa kuwa alikuwa mmoja wa wajenzi, na kaburi lake huzuriwa mpaka leo.

Roosevelt aliteremka Kapiti Plains, mahema yakiwa tayari na bendera ya Marekani ikipepea juu ya hema lake. Msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Na hapa msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu atasikia majina anayoyajua. Waliombebea bunduki walikuwa Muhamed na Bakari. Aliyemtumikia hemani ni Ali. Aliyemwandama Kermit ni Juma Yohari, Mswahili. Majina haya Roosevelt mwenyewe aliyaandika katika kitabu chake cha safari, na ni heri aliyaandika, maana wasafiri wengi wa wakati ule hawakujali kumtaja aliyekuwa akishika bunduki ya pili nyuma yao.

Watu wake walimpa majina. Mbele yake aliitwa Bwana Mkubwa, naye akaamini kwamba ndilo jina lake hasa. Nyuma yake lililoenea ni Bwana Tumbo, kwa sababu ambayo kila aliyemwona ubavuni aliifahamu. Kermit akaitwa Bwana Maridadi.

Katika mizigo palikuwa na tani kadhaa za chumvi za kukaushia ngozi, kwa kuwa wanyama walikuwa wakipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Palikuwa na mzigo mwingine wa ajabu zaidi: vitabu kama 60, zawadi ya dadake, vyote vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, damu wala mvua. Uzito wake ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Katika msafara uliojaa Waislamu, mtu hujiuliza ni nani aliyeangukiwa na mzigo ule.

Mwezi wa Agosti msafara uliiacha reli huko Naivasha ukavuka milima ya Nyandarua kwenda Nyeri. Gari la moshi halikuwako upande huo, wala kiti cha mbele. Kulikuwa na farasi wa bwana, na miguu ya watu. Juu huko baridi huwala watu wa Pwani kama moto, na wapagazi walikwenda na ratili 60 vichwani katika mvua na matope.

Nyeri wakati huo haikuwa mji. Ilikuwa ngome ya serikali iliyojengwa Desemba 1902 baada ya Waingereza chini ya Meinertzhagen kupigana na watu wa Tetu. Miaka saba haijatimia tangu vita hivyo, na sasa Wakikuyu walimfanyia mgeni ngoma kubwa. Yeye aliifurahia sana. Walioicheza walikuwa na mambo mengine ya kukumbuka.

Kutoka hapo aliingia msitu wa Mlima Kenya pamoja na Cuninghame, kiongozi wake, na Wandorobo wa kufuata nyayo. Kwa jicho lake moja alimpiga ndovu dume mwenye pembe kubwa. Hajajaza tena bunduki, ndovu wa pili akatokeza vichakani karibu kiasi cha kumfikia kwa mkonga. Roosevelt aliruka nyuma ya mti, na Cuninghame ndiye aliyefyatua risasi ndovu yule akakimbia. Usiku ule palikuwa na karamu ya nyama motoni, na Bwana Tumbo mwenyewe alichoma vipande vya moyo wa ndovu akala. Sisi Mashafii nyama ya ndovu hatuli, kwa hivyo si kila aliyetembea siku ile aliyeshiba.

Aliendelea mpaka Meru na Uaso Nyiro. Hesabu ya safari nzima, hadi Khartoum mwezi wa Machi 1910, aliichapisha bila kuona haya: yeye aliua wanyama 296, mwanawe 216, jumla 512, na ndovu 11 katika hao. Alisema ni kwa ajili ya elimu na chakula cha msafara, na kweli majumba ya makumbusho yalinufaika. Hata hivyo hesabu hiyo haisomeki kwa urahisi katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Zito zaidi, kwa rai yetu, ni hotuba yake ya Nairobi mwezi wa Agosti huo huo wa 1909, aliposema nchi hizi za juu ni za kukaliwa na wazungu na kuwahimiza waje. Ardhi hiyo ndiyo iliyokuja kupiganiwa miaka ya 1950, na Dedan Kimathi aliyeongoza vita vile msituni alikuwa mtu wa Nyeri.

Baada ya Afrika bahati ilimpa kisogo. Aligombea urais tena mwaka 1912 akashindwa, na katika kampeni hiyo akapigwa risasi kifuani huko Milwaukee, akahutubia nayo mwilini. Mwaka 1914 alikaribia kufa kwa homa na jeraha la mguu katika mto usiojulikana wa Brazil, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Julai 1918 mwanawe mdogo, Quentin, aliuawa angani Ufaransa vitani. Baba hakuinuka tena. Alikufa usingizini tarehe 6 Januari 1919, miaka 60.

Reli ya kwenda upande wa Mlima Kenya ilifika Thika mwaka 1913, na katika miaka ya 1920 ikapanda mpaka Karatina na Kiganjo, ambayo ndiyo stesheni ya Nyeri, kisha Nanyuki. Ilijengwa hasa kwa ajili ya wale masetla aliowahimiza. Zile injini kubwa za miaka ya 1950, ndugu zake 5918, zilipewa majina ya milima, na ya kwanza yao, nambari 5901, iliitwa Mount Kenya. Watu wa Mombasa waliizoea jina lake ubavuni. Watu wa Nanyuki hawakuiona kwao, kwa kuwa ilikuwa nzito mno kwa reli nyepesi za huko. Njia hiyo ya Nanyuki ilikaa miaka mingi bila abiria mpaka treni iliporudishwa Desemba 2020, ikivutwa na injini za dizeli.

Ama kiti kirefu cha mbao kilichokuwa kikifungwa mbele ya injini, mtu akitaka kukiona aende Nairobi katika makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu. Injini 5918 nayo imewekwa hapo hapo uani.