Bruda wa Mlangoni

Nilipomaliza digrii ya falsafa niliwashukuru walimu wote. Mzee wa getini, aliyetufungulia miaka yote ile, nikamsahau kabisa. Ndiyo maana Mtakatifu Alfonso Rodriguez ananichoma.

Alikuwa akiuza nguo Segovia, Hispania. Akafiwa na mke, akafiwa na watoto wote, na biashara nayo ikafa. Wajesuiti walimpokea mwaka 1571 akikaribia miaka 40, shule yenyewe kidogo tu. Wakampeleka chuo cha Montesión, kisiwani Mallorca, akawa bawabu kwa zaidi ya miaka 30. Kengele ikilia, alikwenda kufungua kana kwamba ni Yesu mwenyewe anayebisha. Kila kengele, jamani!

Mwaka 1605 akafika pale Petro Claver, mwanafunzi wa falsafa kama mimi. Huyu hakumpita bawabu, alikaa naye, akamsikiliza. Mzee ndiye aliyemhimiza aende Amerika, na huko Cartagena Claver akawahudumia Waafrika walioshushwa melini kama watumwa.

Papa Leo XIII aliwatangaza watakatifu siku moja, 15 Januari 1888.

Mzee wetu bado yupo getini. Jumamosi naenda.