Habari za August Hermann Francke, Mlezi wa Yatima wa Halle

Mwezi huu nataka kuwasimulia habari za August Hermann Francke, mchungaji wa Kilutheri wa nchi ya Ujerumani. Alizaliwa katika mji wa Lübeck mwaka 1663. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alihamia Gotha pamoja na jamaa yake, akafa mwaka 1670. Hivyo mtoto akabaki yatima wa baba akiwa na miaka saba tu.

Akasomeshwa vema, akajua Kiebrania na Kiyunani, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Leipzig. Mwaka 1687 akaenda Lüneburg, na huko akaombwa kuhubiri. Akachagua Yohana 20:31, palipoandikwa habari za imani iletayo uzima. Basi alipokuwa akiitengeneza hotuba yake akatambua jambo la kutisha: imani ile aliyotaka kuwaeleza watu, yeye mwenyewe hakuwa nayo. Hata kwamba Mungu yuko, hakuwa na hakika tena. Sisi tusimamao mbele ya ushirika tukiwa na maneno mengi kinywani, tunaweza kuyafahamu mashaka yake. Yeye alikuwa karibu kukataa kuhubiri. Lakini Jumapili jioni alipiga magoti akamwomba Mungu ambaye hakumjua, amwokoe katika hali hiyo, kama kweli yuko. Akasikiwa. Mashaka yakamtoka ghafula, akainuka na furaha, na baada ya siku chache akahubiri yale aliyokuwa ameyapata.

Kwa ajili ya mahubiri yake alipata adui wengi, na mwaka 1691 akafukuzwa katika mji wa Erfurt. Mwaka 1692 akaitwa kuwa mchungaji wa Glaucha, nje ya kuta za Halle, na kuwa mwalimu katika chuo kikuu kipya cha mji huo. Glaucha palikuwa mahali pa umaskini na ulevi. Nyumba za pombe zilikuwa nyingi kupita kiasi, na watoto wakatangatanga ovyo.

Kila Alhamisi maskini walikuja mlangoni pake kuomba mkate. Siku moja, badala ya kuwagawia na kuwaacha waende zao, akawakaribisha ndani, akaanza kuwauliza watoto maneno ya katekisimo. Aliona kwamba hawajui kitu. Akawapa fedha za kulipia shule. Fedha wakazipokea, shuleni hawakwenda. Ndipo akaweka sanduku la sadaka nyumbani mwake, na penye Pasaka ya mwaka 1695 mtu mmoja akatia humo thaler 4 na groschen 16. Kwake huo ulikuwa mtaji wa kutosha kuanzisha shule! Akanunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi maskini awafundishe watoto. Vitabu 27 viligawanywa. Watoto waliorudi navyo walikuwa wanne tu.

Hapo wengi wetu tungalifunga mlango, tukasema kwamba watu hawa hawasaidiki. Francke akanunua vitabu vingine, ila safari hii watoto waliviacha shuleni walipokwenda kwao. Rehema yake ilikuwa na akili pia.

Mwaka huohuo akaanza kuwatunza yatima, na mwaka 1698 likawekwa jiwe la msingi la nyumba yao kubwa. Fedha za kuimaliza hazikuwapo. Mara nyingi siku ya kuwalipa mafundi ilipofika sanduku lilikuwa tupu, naye akaingia chumbani kuomba. Na mara kwa mara msaada ukaja kwa watu ambao hakuwaandikia. Lakini hakukaa akingoja tu: alikuwa na duka la dawa, duka la vitabu na mtambo wa kupiga chapa, na faida yake ikawalisha watoto. Alipokufa, watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma katika shule zake.

Bartholomäus Ziegenbalg, aliyefika Tranquebar katika Bara Hindi mwaka 1706, alikuwa amesoma Halle, na herufi za kwanza za kupigia chapa Agano Jipya la Kitamil zilitoka huko.

Nisifiche kwamba alikuwa mtu mkali. Watoto wake walipata nafasi ndogo sana ya kucheza. Na mwalimu Christian Wolff, aliyefundisha falsafa katika chuo kikuu kilekile, alipingwa na Francke na wenzake, hata mwaka 1723 mfalme akamwamuru atoke nchini kwa muda wa saa 48, la sivyo atanyongwa. Kwa habari hiyo mimi siwezi kumsifu.

Mwaka 1727 akaugua sana. Siku chache kabla ya kufa kwake akaomba apelekwe kwenye nyumba ya yatima. Huko akaomba muda mrefu kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa chemchemi aliyoifungua moyoni mwake kule Lüneburg, miaka 40 iliyopita. Akafa tarehe 8 Juni.