Barua Mbili za Obama Mzee

Mimi niliondoka kwenye madawati hayo mwaka jana tu. Mlezi wa chama aliponipigia simu kuniomba makala juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, bila shaka alitarajia ningeandika kuhusu Shaaban Robert au Mekatilili wa Menza. Hao mmewasoma hadi mmewakinai. Mimi nimemchagua Barack Obama, na simaanishi yule wa televisheni. Namaanisha baba yake, aliyezikwa Nyang'oma Kogelo mwaka 1982, mwanawe akiwa kijana wa miaka 21 ambaye hata Kenya hajaikanyaga.

Sababu ya kumchagua ni barua mbili zilizokuwa chini ya godoro la mama, nyumbani kwetu Gatwekera, Kibera. Zote zilikuwa zangu. Vyuo vikuu viwili vilikuwa vimenikubali kusomea shahada ya kwanza ya biashara. Kimoja kiko hapa hapa Nairobi, kina jina kubwa, ukikitaja watu wanageuka kukutazama. Lakini kilikuwa tayari kugharimia sehemu ndogo tu ya karo, nyingine tujitafutie. Cha pili kiko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na wengi mtaani hawajakisikia. Hicho kilisema kitanilipia karo yote pamoja na chumba. Mama, ambaye huuza samaki wa kukaanga karibu na Olympic, alisema tuchukue cha bure tumshukuru Mungu. Mjomba wangu, fundi mbao wa Kawangware, akasema hapana. Ati yeye yuko tayari kuuza mashine yake ya randa ili niende kwenye jina. Na kila alipotetea jina alimtaja Obama mzee aliyesoma Harvard. Nikaona basi afadhali nimjue vizuri huyo mtu ninayepigiwa mfano wake kila Jumapili.

Alizaliwa katika miaka ya 1930 huko Kanyadhiang', Karachuonyo, si mbali na Kendu Bay. Baba yake, Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi wa wazungu hapa Nairobi, mtu mkali asiyetaka mchezo. Baadaye mzee huyo alihamishia jamaa yake Kogelo, Alego. Akumu, mama mzazi wa Barack, akaondoka nyumbani watoto wakiwa wadogo, wakalelewa na Mama Sarah, yule nyanya tuliyekuwa tukimwona kwenye habari hadi alipofariki mwaka 2021. Barack alikuwa na kichwa chepesi ajabu. Akaingia Maseno, shule ambayo kwa mtoto wa wakati ule ilikuwa ni mlango wenyewe. Lakini alikuwa mtukutu na mwenye maneno mengi, akatoka Maseno bila cheti alichokihitaji. Hapo ninyi wa Kidato cha Tatu mnaoruka ua usiku mnisikilize kidogo.

Bila cheti, alikuja Nairobi kutafuta ukarani. Makerere, chuo kilichokuwa ndoto ya kila kijana wa Afrika Mashariki, hakikuwa njia yake. Wenzake waliokuwa nyuma yake darasani wakampita. Alioa Kezia, akapata mtoto, na mshahara ulikuwa wa kubahatisha. Bahati yake ilikuwa kuajiriwa na Elizabeth Mooney, mama wa Kimarekani aliyeongoza kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Katika kazi hiyo Barack aliandika vijitabu vya Kijaluo vya kuwafunza watu kusoma. Usiku alisoma kwa njia ya posta, akafanya mitihani, kisha akawa anaandika barua kwa vyuo vya Marekani, chungu nzima. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali.

Hapa niwasahihishe wengi, akiwemo mjomba. Watu husema Obama mzee alipanda ile ndege ya Tom Mboya ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Hakuwemo. Yeye alisafiri kivyake mwaka huo huo, kwa pesa za Mooney na rafiki yake. Alifika Hawaii mwezi Agosti, mwezi ule ule ambao visiwa hivyo vilifanywa jimbo la 50 la Marekani. Nyuma yake alimwacha Kezia na mtoto mmoja, mwingine tumboni.

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho, akisomea uchumi. Walimu walimpenda, wenzake walikaa kumsikiliza akibishana, na shahada ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu. Katika darasa la Kirusi alikutana na msichana aitwaye Ann Dunham. Walioana Februari 1961, na Agosti tarehe 4 mwaka huo akazaliwa mtoto aliyepewa jina la baba.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nisahau chai yangu ikapoa. Mwaka 1962, Barack akimaliza Hawaii, vyuo viwili vilimtaka aendelee na uchumi. Habari hii ameieleza mwanawe katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995, kama alivyosimuliwa na mama yake. Chuo kimoja kilikuwa New School cha New York. Hicho kilijitolea kulipa kila kitu: masomo, malazi, hata kazi ndogo chuoni, kiasi cha kumtosha yeye na mkewe na mtoto. Cha pili kilikuwa Harvard, ambacho kingelipa karo peke yake. Akachagua Harvard. Akaenda peke yake.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilimkasirikia. Nilimwona mtu aliyeuza mtoto kwa jina la chuo. Lakini nikaendelea kusoma, na mambo yakawa si mepesi hivyo. Waandishi waliochimbua maisha yake wameonyesha kwamba Ann alikuwa tayari amehama na mtoto mwaka 1961, akaenda Seattle kusoma. Yaani nyumba ilikuwa imekwisha kupasuka kabla ya barua za vyuo kufika. Na Kezia yuko Kenya na watoto wawili. Pengine New York isingeunganisha lolote. Tena tumfikirie na yeye: mtu aliyetoka Maseno bila cheti, aliyekuwa karani wakati wenzake wako Makerere, leo Harvard inamwita. Nani kati yetu angesema hapana? Mimi simtetei, ila sikuweza tena kumhukumu kwa urahisi ule wa mwanzo.

Na hiyo Harvard yenyewe haikumwishia vizuri. Mwaka 1964 alikuwa amefaulu mitihani na bado kuandika tasnifu ya uzamifu. Wakubwa wa chuo na wa idara ya uhamiaji, waliokuwa wakinong'ona juu ya wake zake na mapenzi yake, wakamkatia. Akanyimwa kibali cha kukaa, akarudi Nairobi Julai mwaka huo na shahada ya uzamili tu. Sehemu hii mjomba hakuwahi kuitaja. Sidhani aliijua.

Kenya huru iliwahitaji watu kama yeye. Alifanya kazi katika kampuni ya mafuta, akapita Benki Kuu, akaingia katika shirika la kuendeleza utalii. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, kutoka wizara ya Tom Mboya. Obama akaukosoa hadharani, katika jarida la East Africa Journal, akiuliza namna gani mali ya nchi itagawanywa ili isibaki kwa wachache. Kijana mwenye kazi kuandika hivyo wakati ule, bwana, ulikuwa ushujaa. Kalamu hiyo naistahi kuliko Harvard yake. Mboya alipouawa mwaka 1969, Obama alikuwa miongoni mwa watu waliozungumza naye muda mfupi kabla ya risasi, akatoa ushahidi mahakamani.

Baada ya hapo mambo yaliteremka. Mwaka 1970 alifutwa kazi. Pombe ilimzidi, gari likamwumiza zaidi ya mara moja, na ndoa yake na Ruth, mama aliyemfuata kutoka Marekani, ikavunjika. Desemba 1971 alikwenda Hawaii akakaa na mwanawe yapata mwezi mmoja. Hawakuonana tena. Baadaye alipata kazi Wizara ya Fedha, akaanza kuinuka kidogo kidogo. Lakini usiku wa Novemba 1982 gari lake liligonga kisiki cha mti kando ya Elgon Road, Upper Hill, na huo ukawa mwisho wake.

Upper Hill si mbali na kwetu. Jumamosi moja nilitoka Kibera kwa miguu, nikapita mbele ya Hospitali ya Kenyatta, nikasimama kwenye barabara hiyo. Kuna maghorofa na walinzi sasa, na hakuna aliyejua ninatazama nini. Kutoka pale nikapanda matatu hadi Kawangware.

Mjomba alikuwa akirandia mlango, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nilimsimulia yote, hata ya tasnifu na ya 1970. Kisha nikamwambia mashine asiuze, maana ndugu yangu yuko Kidato cha Pili, na mashine hiyo ndiyo imekuwa ikimlipia karo. Nimejaza fomu za kile chuo cha mbali. Alizima mashine, akajipangusa uso, akakaa kimya muda mrefu hata nikadhani amekasirika. Halafu akaniuliza basi la kwenda huko huondoka saa ngapi, na kama sanduku la mbao litaruhusiwa kupanda.