Abubakar Ar-Razi, Bwana wa Zebaki na Kibiriti

Jina la Abubakar Muhammad bin Zakariya Ar-Razi si geni kwetu sisi watu wa pwani. Walioguswa na elimu ya tiba ya Kiarabu humtaja kwa heshima, na aghalabu humtaja kwa jambo moja: kwamba aliandika kitabu cha kupambanua ndui na surua, watu wasizidhanie kuwa maradhi mamoja. Hilo ni kweli nami silipunguzi. Lakini kabla ya kushika mkono wa mgonjwa, bwana huyu alishika koleo na mvukuto, na ni Ar-Razi huyo wa moshi na majiko ambaye nataka kumsimulia leo.

Kwanza niondoe mchanganyiko mmoja. Kuna Imam Fakhruddin Ar-Razi, mwenye tafsiri kubwa ya Kurani ambayo wanafunzi wa vyuoni wanaijua. Huyo alikuja karibu miaka 300 baadaye. Wote wawili waliitwa Razi kwa sababu asili yao ni mji wa Rai, jirani na hapa panapoitwa Tehran leo, nchini Iran. Huyu wetu alizaliwa mwezi wa Shaabani mwaka 251 Hijria, yaani 865 Miladia. Husemwa kwamba ujanani alipiga udi na kuimba. Baadaye alisimamia hospitali ya Rai, kisha ya Baghdad.

Katika zama zake, wengi walioitafuta kimia, ile elimu ya kugeuza risasi kuwa dhahabu, waliandika kwa mafumbo. Jua lilikuwa na maana yake, simba ana maana yake, na msomaji asiyepewa ufunguo alitoka kapa. Ar-Razi naye aliitafuta dhahabu hiyo, tusimtakase kwa hilo. Ila alipokaa kuandika Kitabul-Asrar, yaani Kitabu cha Siri, alifanya kinyume cha jina lake. Aliandika kama mpishi anayemfundisha bintiye: twaa hiki, kisage, kioshe, kitie katika chombo fulani, kikoleze moto wa namna hii. Vyombo vyenyewe akavitaja kimoja kimoja, kuanzia vyungu vya kuyeyushia na koleo hadi mtungi na kichwa chake cha kukusanyia mvuke.

Tena akapanga vitu. Vya wanyama mbali, vya mimea mbali, na vya ardhini akavigawa mafungu sita. Fungu la kwanza aliliita roho, nazo ni nne: zebaki, kibiriti cha madini yaani salfa, zarnikhi ambayo ni aseniki iliyochanganyika na salfa, na chumvi ya nushadiri. Ziliitwa roho kwa kuwa zikipata moto huruka, hazibaki chunguni. La pili ni miili, yaani dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi, na madini moja yaliyonasibishwa na Uchina. Yakafuata mawe, kisha zaji, ambamo mna mrututu na jamaa zake, kisha jamii ya magadi na ile tinkari ya masonara, na mwisho chumvi.

Msomaji akitupa jicho humo ataona nusu ya duka la dawa za Kiarabu. Shabu anayoishika kinyozi imo. Magadi ya kulainishia maharagwe yana ndugu yake humo. Chokaa imo, wanja umo.

Wala hakutosheka na majina. Alijua kwamba kitu kimoja kina daraja nyingi, na kwamba mwenye kununua kwa jina tu hudanganyika. Kwa hivyo alieleza rangi, mng'ao na mahali kinakotoka. Shabu nyeupe ya Yemen ilikuwa na sifa yake, na chumvi iliyoangaza kama bilauri haikuwa sawa na ile chungu. Mambo haya hayajaondoka duniani. Hata leo chumvi ya kiwandani si ya kutia mchuzini, na magadi ya kufanyia kioo hayana usafi anaoutaka mfanya dawa, ingawa jina ni lile lile.

Lakini linalonistaajabisha zaidi ni habari ya zebaki na nyani. Watu walikuwa wakibishana kama zebaki ni sumu. Ar-Razi alikuwa na nyani wake, akamnywesha zebaki hai, ile inayobingirika kama shanga za fedha, akakaa kumtazama. Nyani alijinyonganyonga na kujishika tumbo, na zaidi ya hapo hakuona dhara jingine. Akahukumu kwamba zebaki ya namna hiyo hutia maumivu kisha hutoka kama ilivyoingia. Asiishie hapo, akaonya kwamba zebaki iliyouawa, hasa iliyopandishwa kwa moto pamoja na vitu vingine ikawa unga, hiyo ni mbaya, yaua.

Hukumu hiyo, iliyotolewa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, imesimama. Zebaki hai ikimezwa, tumbo haliinyonyi sana. Chumvi zake huunguza matumbo na kuharibu figo. Sayansi imeongeza jambo la tatu, nalo ni kubwa: mvuke wake. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, hauonekani wala haunuki, na ukivutwa pumzi huingia damuni hadi ubongoni. Ndiyo sababu mchimba dhahabu wa kule Migori anayeichoma zebaki kwenye karai nyumbani huwadhuru watoto waliolala chumba cha pili. Na zile krimu za kung'arisha uso, baadhi yake zimekutwa na chumvi za zebaki, ile ile iliyouawa.

Sasa nije kwenye macho yake, kwani Ar-Razi alikufa kipofu. Hapa wasimulizi wamegawanyika. Ibn Khallikan amepokea kwamba mtawala mmoja alimpa dinari 1,000 kwa kitabu cha kimia, akamtaka aonyeshe kwa vitendo, na aliposhindwa akapigwa mjeledi wa kichwa hata macho yakaharibika. Ibn An-Nadim anataja kula baqila kwa wingi, nayo ni jamii ya maharagwe. Al-Biruni, mtu wa hesabu na mizani, anasema ni moto na moshi mkali wa kimia uliomdhuru macho, na kwamba maradhi hayo ndiyo yaliyomsukuma kwenye utabibu.

Mimi hadithi ya mjeledi naiona tamu mno kuwa kweli, na maharagwe tumekula sana tukiona. Moshi naukubali. Nushadiri ikikutana na chokaa hutoa hewa ya amonia inayochoma jicho papo hapo, na mtu aliyeinamia majiko miaka na miaka bila miwani wala dirisha kubwa hakosi kuonja. Lakini mwenyewe, katika risala yake ya kujitetea kuhusu mwenendo wake, ametaja sababu nyingine: kuandika na kusoma usiku na mchana, hata macho yakadhoofika na mishipa ya mkono ikalegea, naye hakuacha. Akawa anatafuta wa kumsomea na kumwandikia.

Pana wanaomwongezea sifa kwamba ndiye wa kwanza kutengeneza tindikali ya salfa. Alizitia zaji motoni, hilo halina shaka, ila maelezo yaliyo wazi ya tindikali za namna hiyo yanaonekana karne kadhaa baada yake. Na pana waliomlaumu vikali, kama mwenziwe wa mji mmoja Abu Hatim, kwa maneno yaliyonasibishwa kwake juu ya utume. Hilo ni la wanazuoni, na walijibizana wakamaliza.

Husimuliwa kwamba alijiwa na mtibabu wa kumpasua macho, akamwuliza jicho lina matabaka mangapi. Yule hakujua. Ar-Razi akakataa kuguswa. Alifariki Rai mwezi wa Shaabani 313 Hijria, sawa na 925, na Al-Biruni aliyeketi baadaye kuorodhesha maandishi yake alihesabu 184.