Bertrand Russell: mtu aliyeifundisha hesabu kukataa

Mwanafunzi wa informatiki hapa Goma akijaribu kujumlisha neno na nambari katika lugha ya Python, programu yake husimama na kutangaza kosa la aina. Wazo la kukataa namna hiyo lina umri mkubwa kuliko kompyuta zenyewe. Lilitoka kwa Mwingereza Bertrand Russell, ambaye maisha yake yaligusa pia historia ya Congo.

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1872 huko Wales, katika jamaa ya wakubwa: babu yake aliwahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza mara mbili. Wazazi wake wote walifariki kabla hajafikisha miaka 4, akalelewa na nyanya yake. Alipokuwa na miaka 11, kaka yake Frank alimwanzishia masomo ya Euclid, na tangu hapo hesabu ikamshika.

Mwaka wa 1901 aligundua ufa ndani ya hesabu hiyo. Fikiria orodha inayotaja kila orodha isiyojitaja yenyewe. Je, nayo ijitaje? Ikijitaja, haistahili kuwemo. Isipojitaja, lazima iwemo. Juni 1902 alimwandikia Mjerumani Gottlob Frege, ambaye juzuu ya pili ya kazi yake kubwa ilikuwa tayari kwa mchapishaji. Frege alielewa mara moja kwamba msingi wake umepasuka, akaongeza maelezo mwishoni mwa kitabu kukiri hivyo. Si kila mwanachuoni angekuwa na moyo huo.

Jibu la Russell lilichapishwa mwaka wa 1908. Kila kitu kina aina yake, na kila funksioni inapokea vitu vya aina fulani tu. Ukiipa kitu cha aina nyingine, jibu si ndiyo wala hapana: swali lenyewe halina maana.

Mtu wa Goma halihitaji somo la falsafa hapo, maana mfukoni ana dola na faranga. Dola 100 na faranga 100 si 200 ya kitu chochote. Ndiyo sababu anayeandika programu ya duka hutengeneza klasi ya Faranga, na kazi ya kujumlisha iliyo ndani yake huangalia kwanza kilicholetwa. Kama si Faranga, inatupa kosa. Kunyamaza au kurudisha sifuri kungekuwa kubaya zaidi: hesabu ingeendelea, na hasara ingeonekana jioni wakati wa kufunga kasha, bila yeyote kujua ilianzia wapi. Kosa likitupwa, sehemu iliyoomba hesabu inaweza kulidaka, kuuliza kiwango cha siku, kubadilisha dola, kisha kujaribu tena.

Vita vya 1914 vilimkutanisha Russell na Edmund Morel katika chama cha Union of Democratic Control kilichopinga siasa ya vita. Morel ndiye yule karani wa kampuni ya meli aliyeona huko Antwerp kwamba meli zinarudi kutoka Congo ya Léopold II zimejaa mpira na pembe, lakini zinakwenda na bunduki na risasi. Morel alifungwa mwaka wa 1917. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Russell, hukumu ya miezi 6 katika gereza la Brixton kwa sababu ya makala moja. Humo ndani aliandika kitabu cha kueleza misingi ya hesabu, zikiwemo aina zake, kwa watu wasio wataalamu.

Mwaka wa 1950 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka wa 1961, akiwa na miaka 89, alirudishwa Brixton kwa wiki moja kwa kupinga silaha za nyuklia.

Mmarekani Alonzo Church alikuwa amekwisha kurahisisha aina hizo mwaka wa 1940. Mwaka wa 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway walitoa Simula 67, lugha ya klasi na vitu ambayo Java na Python zinafuata njia yake. Russell alifariki Wales tarehe 2 Februari 1970, akiwa na miaka 97.