Paul von Lettow-Vorbeck

Paul von Lettow-Vorbeck (20 Machi 1870 – 9 Machi 1964) alikuwa afisa Mjerumani aliyeongoza jeshi la Schutztruppe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Vita ilipoanza, askari wake wengi Waafrika walikuwa na bunduki kuukuu za Mauser za muundo wa mwaka 1871. Baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Walipowashinda Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki za kisasa, bombomu 16 na risasi 600,000. Mwaka 1917 waliwanyang'anya Wareno silaha huko Ngomano.

Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Bunduki nyingi walizokabidhi zilikuwa za Waingereza na Wareno.